Utamaduni wa Hoki ya Vijana: Lalamiko la Mtoto Linaishia kwa Nani?

Neno "utamaduni" lina taabu yake huku Kusini. Ukilitaja mbele ya wazazi wa Mtwara au Lindi, linalowajia kwanza ni sindimba, ngoma za unyago na vinyago vya mpingo. Ndiyo maana mwalimu mmoja wa michezo, alipowaambia wazazi waliokusanyika chini ya mwembe pembeni ya uwanja wa shule hapa Mtwara mjini kwamba kabla watoto hawajagawiwa magongo ni lazima wakubaliane juu ya "utamaduni wa hoki ya vijana", mama mmoja aliuliza, tena kwa nia njema kabisa, kama watoto watafundishwa na ngoma. Watu walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Mzee aliyeketi kwenye mzizi wa mwembe akadakia kwamba aliwahi kusikia redioni kuwa huko Kanada viongozi wa hoki waliondoka wote kwa mpigo kwa sababu ya huo huo utamaduni, akataka aambiwe kama mchezo wenyewe una kasoro. Mwalimu alijitahidi kueleza, muda ukamtupa mkono, na wazazi wakarudi makwao na fomu za usajili bila kujua walichotakiwa kukubaliana. Nilikuwa mmoja wao.

Hoki ziko mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa nusu ya maswali. Ya kwanza ni mpira wa magongo, unaochezwa uwanjani na wachezaji 11 kila upande kwa robo nne za dakika 15, kwa gongo lililopinda mwishoni na mpira mgumu wenye uzito wa gramu 156 hadi 163. Mchezo huu si mgeni kwetu: Tanzania ilishiriki Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, baada ya mataifa mengi kususia, na kama hujawahi kusikia habari hizo basi matokeo yatakueleza sababu, kwani India ilitufunga mabao 18 kwa bila. Ya pili ni hoki ya barafuni, inayochezwa kwa viatu vyenye vyuma vya kutelezea na kisahani kigumu cha mpira badala ya tufe, ambamo wakubwa wanaruhusiwa kugongana miili kwa nguvu. Hiyo ndiyo mchezo wa roho wa Wakanada, na ndiyo aliyoisikia mzee wetu redioni. Barafu hatuna, wala hatutarajii kuwa nayo. Lakini yaliyowakuta wenzetu hayakutokana na barafu.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. Nitaeleza kwa jambo nililoliona kwa macho yangu Jumamosi moja, uwanjani hapo hapo, watoto walipokuwa wakijaribu mchezo kwa magongo sita ya dukani na mengine yaliyochongwa kutoka matawi ya mpera. Mtoto wa miaka kama tisa alipigwa gongo kwenye kifundo cha mguu, kwa bahati mbaya. Akaketi mchangani, ameshika kifundo kwa mikono miwili, kidevu kinamtetemeka. Mvulana mkubwa kidogo akapaza sauti: "Inuka, kwani wewe mwali?" Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu msaidizi, aliyekuwa akiandika majina hatua tano kutoka pale, hakuinua kichwa. Mtoto akainuka, akaendelea kucheza huku akichechemea, na mchezo ukasonga kana kwamba hakuna lililotokea.

Katika sekunde zile chache watoto ishirini walijifunza mambo matatu ambayo hayakuandikwa kwenye fomu yoyote: kwamba maumivu hufichwa, kwamba kumfananisha mwenzako na msichana ni mzaha halali, na kwamba mtu mzima akiwepo si lazima asikie. Huo ndio utamaduni wa timu. Haukuagizwa na mtu; ulikuja wenyewe kutoka majumbani, vijiweni na kwenye michezo mingine, ukakuta nafasi wazi, ukakaa. Na ukishakaa, mtoto anayesajiliwa mwaka ujao ataukuta kama anavyoikuta milingoti ya goli, akidhani ni sehemu ya mchezo.

Uongozi nao hueleweka visivyo, kwa kuwa wengi wetu tukisikia kiongozi wa timu tunamfikiria kocha peke yake. Uongozi ni ngazi, na kila ngazi ina jambo inalowajibika nalo. Ngazi ya chini kabisa ni nahodha, na hapa mpira wa magongo una kanuni nzuri ambayo ningependa michezo mingine iazime: sheria za kimataifa za mchezo huu zinamfanya nahodha awajibike kwa mwenendo wa wachezaji wote wa timu yake, na asipotimiza wajibu huo mwamuzi anaweza kumwadhibu yeye binafsi. Kitambaa cha mkononi, kwa hiyo, ni mzigo kabla hakijawa sifa. Juu ya nahodha yupo kocha, juu ya kocha ipo kamati ya klabu inayoshika fedha na kuajiri, na juu ya kamati kipo chama cha mchezo. Mtu akisema uongozi wa hoki ya vijana urekebishwe, muulize ni ngazi ipi, kwa sababu wengi humrekebisha nahodha na kuwaacha walio juu.

Yaliyotokea Kanada yalitokea ngazi ya juu kabisa, katika shirika linalosimamia mchezo nchi nzima, Hockey Canada. Aprili 2022 mwanamke mmoja alifungua kesi ya madai, akidai kwamba mwaka 2018, baada ya hafla ya shirika hilo katika mji wa London, jimbo la Ontario, alifanyiwa ukatili wa kingono na wachezaji wanane wa hoki ya vijana, baadhi yao wa timu ya taifa. Shirika likamlipa na kumaliza shauri nje ya mahakama, na mwezi Mei habari zikafichuka. Kilichowawasha moto wazazi wa Kanada, hata kuliko malipo yenyewe, ni kugundua kuwa shirika lilikuwa na mfuko wa akiba wa kulipia madai, yakiwemo ya namna hiyo, na kwamba sehemu ya fedha za mfuko huo ilitokana na ada za usajili walizolipia watoto wao.

Mkulima wa korosho hahitaji jambo hili lifafanuliwe sana. Anapeleka magunia yake kupitia chama cha msingi, mnada unafanyika, na siku ya malipo anakuta bei aliyoisikia mnadani imepunguzwa na makato: ushuru, usafirishaji, ghala, gharama za chama. Makato mengi yana kazi ya maana, na mkulima mwenye busara hakatai chama kiwe na akiba. Ugomvi huanza anapokuta mstari ambao haukusomwa kwenye mkutano mkuu, akauliza ni wa nini, akajibiwa kwa mkato. Kuanzia hapo hata makato halali anayatilia shaka, na hakuna hotuba itakayomrudishia imani mpaka asomewe mjengeko wa bei mstari kwa mstari.

Ndivyo ilivyokuwa Kanada. Juni 2022 serikali ilisitisha ruzuku, wadhamini wakubwa wakajitenga, na Julai viongozi wakaieleza kamati ya bunge kwamba tangu mwaka 1989 shirika limewalipa walalamikaji 21 jumla ya dola za Kanada milioni 8.9 katika mashauri ya ukatili wa kingono. Vyama vya majimbo vikaanza kugoma. Kile cha Quebec kilikataa kuendelea kupeleka ada za watoto makao makuu. Oktoba 11, mtendaji mkuu na bodi nzima wakaondoka.

Hapa pana dhana mbili potofu zinazohitaji kuondolewa. Ya kwanza husema kwamba fedha ziliibwa. Hapana. Thomas Cromwell, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu ya Kanada aliyepewa kazi ya kuchunguza namna shirika linavyoendeshwa, alisema kuwa na akiba ya kulipia madai ni jambo la busara, na kutokuwa nayo kungekuwa uzembe. Alichokikosoa ni kukosekana kwa kanuni zilizoandikwa za kuutumia mfuko huo na kutowaeleza wanachama wanalipia nini. Dhana ya pili hutokana na hukumu ya baadaye: wachezaji watano walishtakiwa kwa jinai mwaka 2024, na Julai 2025 mahakama ikawaachia huru wote, hivyo wapo wanaosema bodi ilionewa. Hukumu hiyo lazima iheshimiwe, na ni makosa kuwaita wale vijana wahalifu. Lakini mahakama iliulizwa kama kosa la jinai limethibitishwa dhidi ya watu watano. Haikuulizwa kama shirika la watoto linaendeshwa kwa uwazi. Mkulima anaweza kushindwa kesi ya kumshtaki karani wa ghala na bado akawa na haki ya kusomewa makato.

Cromwell alipendekeza pia kuwa wajumbe wa jinsia moja wasizidi asilimia 60 ya bodi. Wapo waliocheka, wakidhani ni mapambo ya kuwafurahisha wafadhili. Mimi naliona ni jambo la kiutendaji tu: kikao cha wanaume watupu, waliocheza wote mchezo mmoja na waliojuana tangu ujana, kikiletewa malalamiko ya msichana kitaanza na swali la kulinda jina, na si lazima mtu yeyote kikaoni awe na nia mbaya. Bodi mpya ilichaguliwa Desemba 2022 na ruzuku ya serikali ikarudi Aprili 2023.

Sasa tushuke ngazi, kwa kocha, kwa kuwa ndiko tunakoweza kufanya jambo sisi wenyewe. Kabla ya sakata hilo Kanada ilikwisha kupata funzo chungu zaidi. Graham James alikuwa kocha wa vijana aliyesifiwa kote. Timu yake ya Swift Current ilitwaa ubingwa wa vijana wa nchi mwaka 1989, na jarida mashuhuri la hoki likamtaja kuwa mtu wa mwaka. Mwaka 1997 alifungwa kwa kuwanajisi wachezaji wake. Mmoja wao, Sheldon Kennedy, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji wa kulipwa, alijitokeza hadharani kwa jina lake, jambo ambalo wanaume wengi wasingeweza kulifanya, na mwaka 2004 akashirikiana na mwenzake kuanzisha taasisi inayofundisha makocha na wazazi namna ya kuzuia unyanyasaji michezoni.

Watu huuliza, watoto wale walikuwa wakubwa, kwa nini hawakusema? Fikiria hali yao. Katika hoki ya Kanada kijana wa miaka 16 huondoka nyumbani, akaenda kuishi na familia ngeni katika mji wa timu yake. Kocha ndiye anayeamua nani acheze na nani akae benchi, ndiye anayezungumza na wasaka vipaji, ndiye anayeendesha safari. Mwondoe kijana Newala umpeleke kambini Dar es Salaam chini ya kocha mwenye makombe, halafu umwambie kuwa malalamiko yote ayapeleke kwa kocha huyo huyo. Ushindi ulifanya kazi ya pazia: kadiri kocha alivyoshinda, ndivyo wazazi walivyoona aibu kumuuliza.

Wazee wengine hapa kwetu huyasikia mambo ya vijana kudhalilishana kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, mgeni akivuliwa nguo au kulazimishwa kufanya mambo ya aibu ili akubalike, wakasema, "Basi hiyo ni jando yao." Mfano huo unavutia lakini unapotosha. Jando lina wenyewe. Mzazi anajua mwanawe amekwenda kumbini kwa nani, kungwi ana jina na heshima ya kupoteza, kuna siku ya kuingia na siku ya kutoka, na mtoto akidhurika mzazi anajua mlango wa kugonga. Sisemi kumbini hakuna makosa. Yapo, na wazee wenyewe wamebadilisha mengi, hata kupanga jando wakati wa likizo ili watoto wasikose shule. Lakini udhalilishaji wa chumbani huongozwa na mvulana wa miaka 17 dhidi ya wa miaka 15, bila mtu mzima anayewajibika, na nguvu yake yote iko kwenye ahadi ya kunyamaza. Jopo huru lililoichunguza ligi ya vijana ya Kanada lilieleza mwaka 2022 kwamba unyanyasaji ulikuwa umezoeleka kiasi cha kuonekana wa kawaida, na kwamba ukimya ndio ulioulinda.

Dhana nyingine, ambayo hapa kwetu ina mashabiki wengi, ni kwamba ukali na vipigo ndivyo vinavyomkomaza mchezaji. Hoki ya barafuni imelipima jambo linalofanana na hilo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba watoto wakizoea kugongana miili mapema watajua kujikinga ukubwani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, wakalinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa jimbo la Alberta, walikoruhusiwa kugongana, na wenzao wa Quebec, walikokatazwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa wale wa Alberta walikuwa katika hatari ya kuumia zaidi ya mara tatu. Marekani ikaondoa mgongano kwa umri huo kuanzia msimu wa 2011, Kanada ikafuata 2013. Mchezo haukufa, na hoki yao haijalainika.

Na kipaji? Mwanasaikolojia wa Kanada Roger Barnsley alionyesha mwaka 1985 kwamba katika ligi za vijana wachezaji waliozaliwa Januari hadi Machi walikuwa wengi mno kuliko waliozaliwa mwisho wa mwaka. Sababu haina uganga: umri huhesabiwa kuanzia Januari, hivyo aliyezaliwa Januari huwa na karibu miezi 12 zaidi ya mwenzake wa Desemba, na utotoni miezi hiyo ni mwili na nguvu. Kocha anayetaka kombe humchukua aliyekomaa, akamwita mwenye kipaji, akampa mazoezi zaidi, na baada ya miaka mitatu utabiri wake umetimia kwa mkono wake mwenyewe. Panda mche mmoja wa mkorosho Januari na mwingine Novemba, uipime siku moja mwezi unaofuata, halafu ung'oe ule mfupi: ndicho tunachokifanya. Norway, kwa kuliona hilo, imeweka kanuni kuwa watoto walio chini ya miaka 11 wasipangwe kwenye msimamo wa ligi. Sisi tunaokimbizana na vikombe vya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, tangu ngazi ya kata tungeweza angalau kujiuliza ni watoto wangapi wa Novemba tumewang'oa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri, zenye mawakili na mabunge ya kuhoji. Fedha ni zao, kweli. Hata hivyo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni yetu, namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto inapigwa bure hata kutoka Nanyamba, na mengi yanayohitajika hayagharimu hata shilingi: mtu mzima asibaki peke yake chumbani na mtoto mmoja, ujumbe wa simu kutoka kwa kocha upite kwa mzazi, mweka hazina asome matumizi ya ada mbele ya wazazi kila muhula. Lililo gumu ni moja tu, nalo ni lile la malalamiko, kwa sababu katika mji mdogo kila mtu ni ndugu au jirani wa kila mtu.

Niliyaona hayo kwenye kikao cha pili, chini ya mwembe ule ule. Mwalimu alikuja na fomu yenye mstari mpya: jina na namba ya simu ya mtu wa kupokea malalamiko, asiye kocha wala mjumbe wa kamati. Akapendekeza jina. Yule mama aliyeuliza habari za ngoma akanyanyua mkono.

"Mwalimu, samahani. Huyo si shemeji yako?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu alikiri kwamba ndiye, akalikata jina kwa kalamu, na kikao kikachukua karibu saa nzima kutafuta lingine. Jina la mwanzo lilikataliwa kwa kuwa ana mtoto kwenye timu, la pili kwa kuwa anaidai klabu fedha za jezi. Mwisho walimpata muuguzi mstaafu wa mtaa wa jirani, na mama mwenyewe akaandikwa wa pili, endapo muuguzi hapatikani. Mtoto aliyeumia kifundo alikuwa amekaa juu ya tawi, akisikiliza. Fomu zilirudi kuchapwa upya.